KULISHA KINDA LA NDEGE

Hapa shuleni msimu wa mvua haupiti bila mwanafunzi kuingia bwenini na ndege mkononi. Ama ni kinda aliyeanguka kutoka kiotani, ama ni tetere aliyepigwa kwa manati asife, ama ni ndege wa pwani aliyenaswa katika wavu. Basi wote humzunguka na kuulizana, "Tumpe nini?" Kila mmoja ana jibu lake. Huyu aleta ugali, huyu maziwa ya kopo, huyu maji katika kifuniko cha chupa. Siku ya pili ndege amekufa, nasi twasema kwamba ndege wa mwituni hafugiki. Nataka kueleza hapa kwa nini hufa, maana mara nyingi hakuuawa na kule kuanguka, bali sisi ndio tuliomwua. Wala siwalaumu wenzangu tu, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeua kadhaa.

Wa kwanza nilimwua mwaka 2019. Tarehe 25 Aprili mwaka ule tufani iliyoitwa Kenneth ilipiga mkoa wetu wa Cabo Delgado. Iliingia nchi kavu kaskazini ya mji wa Pemba, ikaharibu vibaya kisiwa cha Ibo na upande wa Macomia. Sisi tuliokaa mbali zaidi kaskazini tulipata ukingo wake tu, lakini ukingo ule ulitosha kulaza minazi yetu. Asubuhi yake nilikuta tetere chini ya mwembe, amelowa, macho yamefumba nusu. Nilikuwa na miaka 13. Nilimwokota, nikamfumbua mdomo, nikamtilia maji kwa kijiko, kwa kuwa nilidhani ana kiu. Akatikisa kichwa, akapiga chafya kama mtu, povu likamtoka puani, akanifia mkononi kabla sijaweka kijiko chini. Bibi yangu akasema, "Umemzamisha." Niliona kwamba ananitania, maana mtu huzama baharini, hazami katika kijiko. Lakini bibi alisema kweli tupu.

Jambo hili kila mmoja wetu aweza kuliona kwa macho yake. Shika kuku aliye hai, mfumbue mdomo taratibu mahali penye mwanga, utazame nyuma ya ulimi. Hapo shinani utaona mwanya mdogo unaofunguka na kufumba. Huo ndio mlango wa njia ya pumzi. Sisi watu tuna kifuniko cha nyama kinachoifunika njia hiyo tunapomeza, ndege hana. Akimeza kwa hiari yake huufumba mwanya ule mwenyewe, lakini ukimtilia maji yeye hajajitayarisha, maji hushuka moja kwa moja katika mapafu. Kwa hiyo kinda hapewi maji hata kidogo. Maji yake yamo ndani ya chakula. Ndege mkubwa aliye mgonjwa, tena anayeweza kusimama, mchovyee ncha ya mdomo katika maji au weka tone moja ubavuni mwa mdomo, ukangoje alirambe mwenyewe.

Tena kuna kosa la kumshika. Mtoto huogopa asije akaruka, akambana kifuani kwa ngumi nzima. Mtu huvuta pumzi kwa msaada wa ule ukuta wa nyama ulio kati ya kifua na tumbo. Ndege hana ukuta huo. Yeye huvuta pumzi kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Ukimzuia kidari kisiende, umemziba pua na mdomo pamoja. Mshike kwa kumfunika mbawa mgongoni, na kifua kiwe wazi.

Sasa, kabla ya kuuliza ale nini, yafaa kuuliza kama anahitaji msaada wetu. Kinda aliye uchi, macho hayajafumbuka, akiwa chini, hakika ameanguka. Lakini yule mwenye manyoya tayari, mkia mfupi, anayerukaruka chini na kupiga kelele, huyo hakuanguka. Ametoka kiotani kujifunza, na wazazi wake wako juu ya mti wakitungojea tuondoke. Wengi wanaoletwa hapa ni wa namna hii, nasi twajisifu kwamba tumewaokoa, kumbe tumewaiba. Mweke juu ya tawi asifikiwe na paka, kisha kaa mbali ukatazame saa moja au mbili. Na yule wa uchi pia, kiotani kwake kukionekana, mrudishe. Wazee wengi husema kwamba mama akisikia harufu ya mkono wa mtu humtupa mwanawe. Si kweli. Ndege wengi hawaongozwi na harufu katika jambo hili, nao hurudi kulisha.

Kama mtu haamini kwamba ndege mkubwa aweza kuwa bado analishwa, na aende kwenye matope ya pwani maji yakipwa, upande wa Quionga na mlango wa Ruvuma, wakati wanapokuwapo wale ndege weupe na weusi wenye miguu mirefu na mdomo mnene, walao kaa. Ndege hao hawazaliwi kwetu. Huzaliwa mbali kaskazini, katika pwani za Somalia, Oman na Ghuba, tena ndani ya mashimo waliyochimba mchangani, kisha huja kwetu kukaa. Basi huja na watoto wao. Utamwona mtoto wa rangi ya kijivu, urefu wake sawa na mzazi, amekwisha ruka maelfu ya kilomita juu ya bahari, naye ainama na kulia hata baba au mama ampe kaa mdomoni. Mtu akimwona peke yake aweza kusema ni mgonjwa, kumbe ni mtoto tu.

Haya, tuseme kwamba ni yatima kweli. Jambo la kwanza si chakula, ni joto. Damu ya ndege ina joto kupita yetu, karibu nyuzi 41, na kinda asiye na manyoya hawezi kujipasha mwenyewe. Akipoa, tumbo lake halifanyi kazi, na chakula ulichompa huoza ndani yake. Chukua pakacha dogo au kifuu kikubwa, tia nyuzi za makumbi makavu zilizochambuliwa vema, juu yake kitambaa, na kando yake chupa ya maji ya moto iliyofungwa nguo. Kinda wa uchi ataka nyuzi kama 35 pande zote. Mwenye manyoya ataka pungufu. Mfunike mahali pa giza na pasipo kelele. Ukimgusa tumbo ukaona lina joto kuliko kidole chako, hapo ndipo ufikiri habari ya kumlisha. Kwa ndege mkubwa aliyeumia ni vivyo hivyo. Mwache gizani saa nzima kwanza, maana hofu peke yake yaweza kumwua.

Kuhusu chakula, hakuna chakula cha ndege kwa jumla, kama vile hakuna chakula cha wanyama kwa jumla. Simba na mbuzi hawali sahani moja. Maziwa hayamfai ndege yeyote, maana tumbo lake haliwezi kuvunja sukari ya maziwa, naye huharisha. Mkate na ugali hujaza tumbo bila kujenga mwili. Ni lazima umjue ni nani.

Na hapa wengi hudanganyika. Twamwona mnana mzima anakula mtama shambani, hata tunamfukuza kwa kelele, kwa hiyo twampa kinda wake mtama. Lakini mnana, kama walivyo wengi wa ndege wala nafaka, hulisha watoto wake wadudu, kwa kuwa mtoto anayeota manyoya ataka nyama. Kinda wa mnana huachama akisikia mtikisiko, na kinywa chake hupanuka kuliko kichwa chake. Usimfumbue kwa nguvu. Gonga kidogo ukingo wa kiota, naye ataachama. Kisha kwa kijiti laini au kibano peleka panzi aliyeondolewa miguu na kichwa, mpaka nyuma, kupita ule mwanya niliotaja. Akishiba hufumba. Mara nyingi baada ya tonge hugeuza matako na kutoa mavi yaliyofungwa katika kifuko cheupe kama yai dogo laini, ambacho mama yake hukichukua kwa mdomo akakitupe. Ukikiona kizima na kigumu kidogo, jua chakula chako kimemkubali. Ukiona maji matupu, badili.

Njiwa, hua na tetere ni mlango mwingine kabisa, nao ndio wengi wanaotufia. Hawa baba na mama wote wawili hutengeneza ndani ya gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, kitu kizito cheupe kinachoitwa maziwa ya njiwa, ingawa si maziwa ya chuchu. Siku za kwanza kinda hali kingine. Wala haachami. Yeye hutia mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunyonya humo. Kwa hiyo anayemngojea kinda wa tetere afumbue mdomo atangoja mpaka amzike. Dawa yake ni bomba la sindano lisilo na sindano, likatwe ncha ipate kuwa pana, lifungwe kitambaa chenye tundu dogo, ndani uji laini wa vuguvugu wa unga wa uwele. Mguse mdomo kwa tundu lile, naye atatia mdomo na kunyonya kama kwa mamaye. Huyo mdogo sana wa siku mbili tatu sijapata kumponya, na sidhani kwamba nitaweza. Lakini akifika siku nane au kumi, yawezekana. Ndipo anapoanza kupewa punje zilizolowekwa, kidogo kidogo. Pima gole kwa kidole. Likiwa limejaa kama mfuko laini, acha. Usimwongeze mpaka litupu.

Ndege wala nyama, kama kipanga na bundi, hudanganya kwa njia yao. Mtu huwapa vipande vyema vya mbuzi visivyo na mfupa, akiona anawaheshimu. Baada ya majuma mawili miguu yao hupinda kama ya mtoto mwenye matege, kwa sababu nyama tupu haina chokaa ya kutosha kujenga mifupa. Kipanga humla panya mzima, mifupa na manyoya, kisha hutapika kidonge cha vile asivyoweza kuvisaga. Mpe vivyo hivyo. Buabua na ndege wengine wa bahari wataka samaki wadogo wazima, wabichi, kichwa kitangulie ili magamba na miiba isimkwaruze koo. Dagaa wa chumvi hawafai. Na chozi, yule mdogo anyonyaye maua, hawezi kuishi kwa maji ya sukari peke yake, kwa kuwa hula na buibui na wadudu. Uzito wake wote ni kama gramu 10, na hana akiba. Huyo ni wa kurudishwa upesi, si wa kufugwa.

Nikitaja watoto wa ndege, siwezi kumwacha mlembe, ambaye katika hifadhi ya Niassa, jirani zetu, huwaongoza Wayao kwenye asali hata leo. Sifa zake ni njema, lakini yeye hutaga katika viota vya wengine, na kinda wake huzaliwa kipofu, uchi, na kulabu mbili kali kwenye ncha ya mdomo. Kwa hizo huwaua watoto wa mwenye nyumba mmoja mmoja gizani, apate kulishwa peke yake. Nimeeleza haya ili mtu asidhani kwamba kila kinda ni malaika.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, nalo ni saa. Kinda wa mnana hula kila nusu saa, na akiwa mdogo kila robo saa, tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Usiku hulala. Hesabu mwenyewe. Kwa saa 12 hizo ni mara 24 kwa uchache, na hiyo ni kwa mmoja.

Likizo moja ya Desemba mkwezi mmoja kijijini kwetu alisafisha mnazi, akakata makuti yenye viota vya minana. Niliokota makinda watatu walio hai. Siku mbili nilihangaika na panzi, na wawili wakafa, nadhani kwa baridi, kwa kuwa wakati ule sikujua habari ya chupa ya maji ya moto. Yule wa tatu alikuwa na nguvu, lakini panzi walipungua, nami nikachukua yai moja jikoni, nikalichemsha, nikampa kiini.

Msomaji ajue kwamba nyumbani kwetu tulikuwa watu kumi na mmoja. Tangu mashambulio yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, jamaa walikuwa wakija na kuondoka, na mwaka ule walikuwapo shangazi yangu na watoto wake. Kuku wetu walikuwa watatu. Yai lile lilikuwa limewekwa kwa mtoto mdogo wa shangazi, aliyekuwa ametoka kuugua homa. Jioni bibi aliniita nyuma ya nyumba, hakunipigia kelele. Akasema, "Mjukuu wangu, mtoto wa watu amelala kwa uji mtupu, na ndege amekula yai." Sikuwa na la kusema. Hata sasa nikiandika sina. Mtu aweza kusema kwamba kiini kimoja si kitu, lakini siku ile kilikuwa kitu, nami nilijua.

Tangu hapo nina sheria yangu: ndege hali chochote ambacho mtu wa nyumba ile angekila. Kama hakuna wadudu, au mfupa, au punje zilizomwagika, basi hakuna, na afe. Najua wengine watapinga. Waje wapinge mbele ya mama yule.

Lakini bibi huyo huyo ndiye aliyemponya mnana. Siku ya pili alinionyesha namna ya kuvuna mchwa, ambayo zamani walitumia kulisha vifaranga. Chukua chungu kibovu, kijaze majani makavu, mabua na kinyesi kikavu cha mbuzi, ukiloweshe kidogo. Jioni fukua kidogo mahali penye njia ya mchwa, ukakifudikize chungu hapo, ukifunike kwa gunia kisipate jua. Asubuhi kiinue upesi: kimejaa mchwa. Askari wao wenye meno makubwa waondoe vichwa, maana huuma ulimi wa kinda. Na siku za kumbikumbi, baada ya mvua ya kwanza, huna haja hata ya chungu, ingawa hapo ujue kwamba unashindana na watoto wote wa kijiji wenye kikaango tayari.

Mnana yule alikua. Kwa majuma matatu alikuwa na manyoya yote, akaruka. Nilifurahi kupita kiasi, na kwa sababu ya furaha hiyo nikafanya kosa la mwisho. Nilimzoeza. Nilimpigia mluzi naye akaja begani, watu wakastaajabu, nami nikavimba kichwa. Hakujua kwamba mtu ni kitu cha kukimbiwa. Siku moja asubuhi aliruka akatua karibu na watoto waliokuwa na manati njiani kwenda kisimani, akawaendea akilia apewe chakula. Wao walifanya wanayofanya watoto wenye manati. Waliponiletea walidhani nitawasifu kwa shabaha, maana walisema alikuwa rahisi sana.

Wataalamu wamelichungua jambo hili. Katika miaka ya 1930 Konrad Lorenz, mtu wa Austria, alionyesha kwamba vifaranga wa bata bukini humfuata yule wa kwanza wanayemwona akitembea baada ya kuanguliwa, hata akiwa ni mtu mwenye ndevu, nao humshika kuwa mama yao. Mwaka 1973 alipewa tuzo la Nobel pamoja na wenzake wawili. Makinda wa kiotani hawafuati namna hiyo, lakini wao nao hujifunza ni nani wa jamaa yao, na mkono ukiwalisha peke yake, hujifunza mkono. Kwa hiyo Wamarekani, walipobaki na kondori 27 tu wa California mwaka 1987, wote kifungoni, waliwalisha makinda kwa mfuko wa mkononi uliochongwa sura ya kichwa cha kondori mzima. Mlishaji alisimama nyuma ya pazia. Sasa ndege hao wanaruka tena porini.

Karibu na kwetu zaidi, katika bahari yetu hii, kisiwa cha Mauritius kilikuwa na kozi wake wasiopatikana penginepo. Mwaka 1974 walijulikana wanne tu. Waliokolewa kwa kuchukua mayai, mama akataga tena, na makinda wa mayai yale wakalishwa kwa mkono kisha wakarudishwa msituni. Lakini walipofika kwa njiwa wao wa rangi ya waridi, hata wataalamu hao waliona afadhali makinda kuwapa njiwa wa kufugwa wawalee, kwa sababu ya yale maziwa ya gole. Habari hii imenifariji sana kwa ajili ya tetere zangu. Na Afrika Kusini, meli Treasure ilipozama karibu na Cape Town mwezi wa Juni 2000, pengwini kama 19,000 walipakwa mafuta. Walioshwa, na maelfu ya watu wa kujitolea wakawalisha dagaa mmoja mmoja kwa mkono, kila siku, kwa majuma mengi. Pengwini huuma sana. Wengi wao walirudi baharini.

Basi nifanyavyo sasa ni hivi. Mlishaji ni mmoja, hasemi, huvaa gunia lile lile kichwani, na akimaliza huondoka. Kinda akianza kuruka, hukaa katika tundu nje mahali awezapo kuwasikia wenzake, na chakula huwekwa chini ajiokotee. Watu wakija kumtazama nawakataza, hata mwalimu, kwa adabu.

Kwa aliyevunjika bawa nitasema machache. Likunje bawa kama anavyolikunja mwenyewe, kisha lifunge mwilini kwa kitambaa chembamba, kidari kikiwa huru. Mifupa ya ndege huunga upesi, kama majuma mawili au matatu. Kama mfupa umetokeza nje ya ngozi, ni vigumu aruke tena. Huyo sipendi kumtesa kwa matumaini, nami humwua kwa haraka. Kuna wanaoniona mkatili.

Ndege mgonjwa asiye na jeraha, aliyevimba manyoya na kulala mchana, au mwenye shingo iliyopinda, asiletwe karibu na kuku wala bwenini. Mdondo waweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa juma moja, na mafua ya ndege yalikwisha kuonekana nchini mwetu Msumbiji, mkoa wa Inhambane, mwaka 2023. Osha mikono kwa sabuni. Tena ile desturi ya kutafuna mtama na kumpa njiwa mdomo kwa mdomo, ambayo wengi tuliifanya tukiwa wadogo, si nzuri, kwa maana njiwa ana maradhi yaingiayo katika mapafu ya mtu.

Nimeulizwa pia kama bundi alishwe. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu husema kuna mgonjwa atakufa, nao humtupia mawe. Mimi nimewalisha bundi wawili nyuma ya ghala, na panya wa ghalani walipungua, na hakuna aliyekufa. Na kunguru? Kwetu ajulikanaye ni yule mwenye shingo na kifua cheupe, wa asili yetu. Lakini yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, ameenea pwani nyingi za Afrika Mashariki na hula mayai na makinda wa ndege wengine. Kinda wake akiletwa kwangu, nasema kweli, sitamwekea chupa ya maji ya moto.

Wakati huu nina kinda mmoja wa tetere, katika pakacha nyuma ya jiko la shule. Ni siku yake ya kumi na moja tangu alipoletwa. Gole lake hujaa na kutupu vizuri, na jana ameanza kudonoa mwenyewe. Ala saa moja asubuhi, saa nne wakati wa kengele ya mapumziko, saa saba, saa kumi na jua likichwa. Punje za uwele zimebaki kopo nusu. Wenzetu wanaotoka nyumbani kila siku, mkipita penye kinu baada ya kutwanga, kusanyeni zile zilizoanguka chini mniletee. Zile zilizo ndani ya ungo ziacheni. Na tafadhali msije kumtazama.